Mteja Mgumu

11 Januari

Kwa mchumba wangu mwenye vitabu,

Shikamoo siitaki. Najua inakotoka: unaniamkia ili nisikuseme. Sisi huku wazima. Bibi yako mzima, ila goti lake la kushoto lina mambo yake peke yake. Mama yako alipita Jumapili, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa serikali, akaondoka na sufuria letu kubwa. Paka amezaa tena na baba wa watoto hajajitokeza. Mtafutie ofisa ustawi wa jamii.

Na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mama yako ananieleza, kwa ile sauti yake ya kunifunulia ulimwengu, kwamba unasomea kazi ya kusikiliza watu wenye shida. Nikamuuliza, kusikiliza tu? Akasema na kuuliza. Miaka minne! Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwalimu na mimi tulipochokana kwa pamoja, lakini kuuliza nilikuwa nakujua tangu la kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wajanja wakasikia, wakajenga chuo juu yake na geti wakaweka. Wahenga hao hao walisema mgonjwa haulizwi uji. Ninyi mnamhoji mpaka uji unapoa.

Nimepiga mnada maisha yangu yote. Nimeuza vitanda wenyewe wakiwa wamekaa ukingoni. Mwenye shida namjua anachotaka: anataka uondoke na usimtazame. Sasa wewe unakwenda kumtazama kwa shahada.

Usinipigie simu. Simu ni ya watu wanaotaka kukatana. Andika, niuone wino ukitetemeka.

Babu yako asiye na cheti

2 Februari

Babu, shikamoo hata kama huitaki.

Mimi sijambo. Dirisha la chumba changu linatazama bomba la moshi la kantini, kwa hiyo chakula nakinusa mpaka hamu inaniisha kabla hakijaiva. Mwenzangu wa chumba anasomea uhasibu na anajumlisha usingizini. Mpe bibi pole ya goti. Mbona safari hii hakuongeza mstari wake chini ya barua? Umemficha karatasi?

Sasa hizo dharau zako. Unadhani kuuliza ni kama kutaja bei: ukipaza sauti, watu watajitokeza. Ngoja nikueleze mtihani wetu wa vitendo, ujue unachokicheka. Chumba kina viti viwili, meza ndogo, na watahini wawili kwenye kona. Anayekaa mbele yako ni mtu usiyemjua, mzee aliyekodiwa, amepewa kadi yenye maisha ambayo si yake. Kuna jambo moja ameambiwa alifiche, asilitoe mpaka umfanye aone kwamba anaweza kulitoa. Ukilivuta kwa nguvu, umeanguka. Ukimpa ushauri, umeanguka. Akileta mzaha usiukimbilie, akinyamaza usimjazie. Akikuomba umtunzie siri, usimwahidi kila kitu, maana mtu akiwa hatarini ni lazima useme.

Mimi nilianguka, Babu. Mama hajui. Nilimpata mama aliyefukuzwa na mwenye nyumba. Akalia, nikamwahidi nyumba. Mtahini akaniuliza mbele yake, "Unayo?"

Nimebakiza nafasi moja, mwezi wa tano. Nikianguka tena natolewa chuoni, na miaka yote hii inakwenda na maji. Kwa hiyo cheka taratibu.

Mjukuu wako

27 Februari

Bi Shahada,

Salamu zako zimefika na bibi yako amezipokea kwa goti zima la kulia. Karatasi aliiona, akasema hana la kuongeza kwenye upuuzi wangu. Sufuria halijarudi. Siri yako nimeimeza, na kwa meno yangu haya ujue sikuitafuna.

Hebu kaa chini. Huku kwetu kuna chuo, ghorofani juu ya duka la matairi, na wao wanafyatua maofisa ustawi kama matofali. Wakabandika tangazo kwamba wanatafuta wazee wenye muda. Muda ndio kitu pekee nilicho nacho ambacho mama yako hajakiazima. Nikapanda ngazi. Sasa kila Alhamisi mimi ni mteja kwenye mitihani yao ya vitendo. Kadi yangu inasema nimefiwa na mke, sili, silali, na ninaficha kwamba sikuwapo alipokata roho. Bibi yako ndiye aliyenipigia pasi shati la kwenda kumlilia.

Wa kwanza kuletwa ni kijana mmoja, nimemwita Bwana Naelewa.

"Nimefiwa," nikamwambia.

"Naelewa."

"Hata kula siwezi."

"Naelewa, mzee wangu."

"Isipokuwa jana. Jana nimemla paka."

"Naelewa."

Huyo alianguka mwenyewe, sikumsukuma. Wa pili, Miwani, alikuwa na akili kidogo, ikabidi nitumie barua yako. Nikamnong'oneza anitunzie siri, hata iweje, akaahidi. Mara ya kwanza, mara ya pili, limekwenda! Mwingine nikamnyamazia, akajaza ule ukimya mwenyewe kwa habari za faida za matunda. Waliobaki nawamaliza kwa mzaha. Nawaambia marehemu alikuwa mkali mpaka wachimba kaburi walibisha hodi kwanza. Watoto wa watu wanacheka kalamu zinaanguka, na mtu akishacheka kaburini hana tena uso wa kukuuliza habari za kifo.

Hakuna aliyepita kwangu. Na yote hayo umenifundisha wewe, kwa bei ya stempu.

Chai yao ni nyepesi, unamwona mtengenezaji upande wa pili.

Babu, Mteja

20 Machi

Babu, shikamoo.

Tuko salama. Mwenzangu wa chumba ana mchumba, sasa anajumlisha kwa furaha. Mwambie mama sufuria ni la bibi. Mimi ndiye niliyemwona bibi akilinunua.

Sikukuandikia ili nikunolee panga. Unakaa pale juu ya matairi, mtu mzima na mvi zako, unawawinda watoto kwa maneno yangu mwenyewe, halafu unaita hiyo akili. Hiyo si akili. Ni uchokozi wa mtu asiye na kazi.

Mimi niko fildi, mazoezi ya kazi, hospitali. Kuna mzee kitanda cha dirishani ameruhusiwa kwenda nyumbani tangu wiki iliyopita na hatoki. Manesi wanamwita mvivu. Nimekaa naye kila siku na bado sijui kwa nini hatoki. Kesho kutwa mmoja wa hao unaowaangusha atakaa kwenye kiti changu hiki, na atakuwa ameshajifunza kwako kwamba kila mzee ni tapeli.

Na Bwana Naelewa, je, yeye kabakiza nafasi ngapi? Ulimuuliza?

Mjukuu wako

14 Aprili

Bi Mkali,

Sikumuuliza. Anayesomea kuuliza ni yeye.

Hapa wazima wote. Bibi yako anasema mwanamke anayeuawa kila Alhamisi angalau angepewa posho. Kuhusu huyo wa dirishani, umejichosha bure: hatoki kwa sababu godoro ni zuri. Uzeni godoro, mtaona miguu.

Nimepanda cheo. Mkuu wa chuo amenishika mkono wote mpaka kiwiko, akaniita mteja mgumu, eti wanafunzi wake hawajawahi kupata zoezi kama mimi. Wasomi ukiwapiga makofi wanakuandikia risiti. Sasa sikia. Vyuo hivi vina utaratibu: kwa mtihani wa mwisho hubadilishana wateja, wa huku waende kule na wa kule waje huku, ili mwanafunzi asije akaletewa jirani au shangazi yake. Busara hiyo imekaliwa kikao na watu wenye shahada tatu tatu. Mwezi wa tano tunapakiwa kwenye gari la chuo, wala hatuambiwi tunakopelekwa, kama mbuzi wa mnada. Nimemwambia bibi yako anifungie mkate.

Babu, Mteja Mgumu

19 Mei

Babu,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

Nilifungua mlango wa chumba cha mtihani nikakukuta umekaa na lile koti lako la kijivu, mikono juu ya magoti kama mtu mwema. Ningesema pale pale, "Huyu ni babu yangu." Ni maneno machache sana hayo. Ulinitazama kama unatazama ukuta, ukasema, "Karibu, binti, wewe ndiye wa kunisaidia?" Watahini wakaanza kuandika. Nikakaa.

Ukaleta wachimba kaburi wako. Kisha ukaleta mwamvuli: eti uliwaambia waongeze udongo, maana marehemu ana tabia ya kurudi kuchukua mwamvuli. Nikakuuliza huo mwamvuli uko wapi sasa. Ukautazama mlango. Ukasema umetundikwa pale pale, hakuna anayeugusa. Halafu ukasema alipokata roho wewe ulikuwa sokoni unabishania bei ya godoro, na sauti yako ikawa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Watahini wakaacha kuandika.

Nimefaulu. Nimewapita wote. Ulipanda gari bila kugeuka.

Nataka jibu moja, mstari mmoja, bila mzaha. Lile jambo la kwenye kadi nililipata mwenyewe au ulinipa? Kama ulinipa, cheti hiki ni chako na siwezi kwenda nacho kukaa kando ya kitanda cha mtu. Matokeo rasmi yanabandikwa mwisho wa mwezi wa sita. Nijibu kabla ya hapo.

Msalimie bibi. Msalimie mama.

2 Juni

Bi Wasiwasi,

Salamu zilizobaki nimezigawa kama ulivyoagiza. Mimi sikupata, nikashukuru hivyo hivyo. Bibi yako anajipaka dawa mpya inayonuka kama rangi ya mlango, na mama yako amerudisha sufuria bila mfuniko. Sasa namngoja arudi kuazima kitu kingine aulete.

Ati nililipata au ulinipa! Chuo kimekuharibu kabisa. Mtu amepewa chakula kimeiva, anauliza kuni zilitoka msitu gani. Mnadani kuna sheria moja: muuzaji hamwambii mtu bei aliyokuwa tayari kushukia. Labda nilikupa. Labda umeniibia. Labda njaa ilinishika, mkate wa bibi yako uliisha njiani. Watahini wako wenye kalamu hawakujua, mkuu wako wa idara aliyetupokea getini hakujua, na yeye ana miwani ya kusomea na ya kutazamia. Wewe unataka kujua zaidi yao?

Nilivyokaa pale nilijisikia vizuri sana, nikuambie kweli. Watu wazima wawili wenye suti waliniamini kuliko mama yako alivyowahi kuniamini. Ulichonunua umenunua. Kula.

Babu

24 Juni

Mjukuu wangu,

Hujaandika. Nimemtuma bibi yako posta, akarudi na goti tu. Mama yako anasema una kazi nyingi. Mama yako hajui kitu, na anavyojua kutojua!

Haya, shika. Sikukupa. Nilikusudia kukupa, nilipoona geti la chuo chenu nikasema leo mchumba wangu anapita bila jasho. Lakini uliingia na daftari na ule uso wa jaji, umeniketia mbele kama hujawahi kupanda mgongoni kwangu, nikachukia. Nikasema na huyu namwangusha, ajue dunia. Nikatoa bidhaa zangu zote nzuri. Hukucheka. Watu wanacheka mwamvuli, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza uko wapi. Mnada usio na mtu wa kucheka haupandi. Nikaingia stoo kutafuta mzaha mwingine, stoo tupu, imebaki ile kadi yao ya kijinga. Nikaitoa, na ilivyotoka hata mimi nikaiamini.

Basi. Umeninunua kwa bei halali. Lala.

Babu

27 Juni

Babu, shikamoo.

Sijambo. Wasalimie wote. Barua yako imefika leo. Juzi nilikuwa nimeshakwenda kwa mkuu wa idara kumwambia wewe ni nani kwangu.

Alivua miwani, ile ya kutazamia. "Unajua tunaweza kukufukuza?"

"Najua."

"Ulijua pia ulipofungua ule mlango?"

"Nilijua."

"Sasa mbona umekuja leo?"

Nikamwambia nilikuwa nakungoja wewe, na wewe ukanichezea.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa asubuhi ile ile. Ungenijibu tarehe mbili, ningekwenda mapema, kama mtu mkweli. Sasa naonekana nimekwenda kwa kuogopa kukamatwa. Kikao kinakaa mwezi ujao. Wanaweza kunirudishia nafasi, wanaweza kunifungia mlango.

Na usijipongeze kwa ukweli wako, umethibitisha tu nilichokiogopa. Unajua kwa nini sikucheka? Kichekesho cha mwamvuli nimekisikia tangu nina meno ya utoto. Umekisema kwenye kila msiba wa mtaa, marehemu anabadilika, mwamvuli ule ule. Msichana aliyekuhoji kabla yangu alicheka mpaka tukamsikia nje, kwa sababu hakujui. Mimi, wakati wewe unakimalizia, nilikuwa nimeshapata nafasi ya kufikiri. Hata hiyo bei yako halali ilikuwa bei ya ndugu.

Umecheza na kitu cha mtu, Babu. Si mara ya kwanza, ila mara hii kitu ni changu.

15 Julai

Mjukuu wangu,

Bibi yako hajambo, lakini tangu asome barua yako ananiwekea chai mezani bila kunitazama. Mama yako ndio kwanza amejua kwamba ulianguka mara ya kwanza, akaja kunifokea mimi. Kaleta na mfuniko, akaupiga mezani.

Nimepanda zile ngazi za duka la matairi nikamwambia mkuu wao kila kitu. Akasema, "Mzee, umetuharibia mtihani." Nikamwambia mtihani unaoharibiwa na mpiga mnada mmoja ulitoka kiwandani na kasoro. Wameniachisha. Wote walionihoji watafanya mtihani upya. Wakati wa kushuka nikakutana na Bwana Naelewa kwenye ngazi, amebeba vitabu vyake kwenye boksi. Nikamuuliza alikuwa amebakiza nafasi ngapi.

"Ile moja," akasema.

Nikamwambia arudi juu, wanamtafuta. Akaweka boksi chini, akanitazama toka kiatuni mpaka kofiani. Hakusema naelewa.

Nimemwandikia na mkuu wako wa idara, kwa mkono wangu, kwamba uliniuliza mwezi wa tano na mimi ndiye niliyelikalia jibu. Herufi nyingine zimesimama vibaya. Asikupunguzie alama kwa ajili yangu. Lile neno unalolingoja silijui kuliandika, niliacha shule kabla hawajalifikia. Bibi yako analijua, muombe yeye.

Kikao kimesemaje?

Babu

8 Septemba

Babu, shikamoo.

Sisi salama. Mwenzangu wa chumba ameolewa, chumba kimekuwa kimya mpaka nakosa usingizi. Yule mzee wa dirishani alitoka mwenyewe asubuhi moja, hakuniambia neno. Sikumpata. Wengine hawapatikani.

Kikao kilifuta matokeo yangu, kikaniweka chini ya onyo, kikanipa nafasi moja. Barua yako waliisoma kwa sauti. Mmoja wao alisema ina dharau. Mkuu wa idara akasema ndiyo, lakini inataja nilikuuliza lini.

Nimefanya mtihani Jumatano. Nililetewa mama mnene mwenye mkoba mkubwa mapajani, sijawahi kumwona maishani. Kadi yake sijui ilisema nini, ila alianza kwa vichekesho, na Babu, nasema hili bila kukukomoa: ni vizuri kuliko vyako. Kimoja cha mume na kipimo cha nguo kilinifanya nicheke mpaka machozi, mbele ya watahini. Sikuweza kujizuia na sikujizuia. Nikafuta macho. Nikamuuliza, siku hizi jioni anamsimulia nani. Akaufungua mkoba, akaufunga. Tulikaa hivyo, sikumjazia. Kisha akaniambia.

Nimefaulu. Alama ni za kawaida, ziko chini ya zile zako. Hizi sina haja ya kumuuliza mtu.

Mjukuu wako

24 Septemba

Bi Shahada,

Barua imefika, bibi yako ameisoma kwa sauti, akalia, akaisoma tena. Anasema hongera. Ameisema kwa niaba ya nyumba nzima, mimi sikumtuma. Mama yako ameazima sufuria apike kwa ajili yako na hata hujafika.

Huyo mama mwenye mkoba ni nani? Anatoka wapi, alikuwa anauza nini zamani? Haiwezekani mtu akachekesha hivyo bila kuwa ameuza kitu. Umesema mume na kipimo cha nguo, ukakatisha. Hiyo ndiyo elimu yenu: mnakata kila kitu mahali kinapoanza kunoga. Nimekaa siku zote hizi nakijenga mwenyewe, mume namweka hapa, fundi namweka pale, hakisimami. Bibi yako anasema nina wivu. Nimemwambia anyamaze, nafikiri.

Kiandike chote. Usikifupishe, usikisafishe, na kama alifanya kitu na mikono, andika alifanya nini na mikono. Hongera yangu ipo, nimeiweka mahali pazuri. Nitakupa nikishakisoma, na iwapo kweli nimecheka.

Babu